Mjomba, andika jina chini ya kinyago

Chicago, Novemba

Mama, shikamoo. Mjomba naye shikamoo, maana najua hapo Chikongola barua haisomwi mpaka aitwe. Mimi mzima, ila upepo wa huku unaingia mpaka kwenye meno. Korosho vipi? Mnada umetoa bei ya kueleweka au ndiyo yale yale?

Nijibu swali lako la kwenye simu, maana ulicheka mpaka vocha ikaisha: "Wewe mwenyewe huna kazi, unamshauri nani mambo ya kazi?" Kweli, mama. Lakini ndicho kibarua walichonipa hapa chuoni. Wanafunzi wa sanaa wanaona haya kumwendea mtu mzima mwenye tai kumwambia hawajui kuandika barua ya kuomba fildi, basi chuo kinatuweka mezani sisi wenzao. Kwa viza yangu siruhusiwi kuzidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, kwa hiyo msidhani ni hela nyingi. Nauli na unga vinapatikana.

Juzi alikuja binti anayesomea ufinyanzi, ana picha 40 za vikombe na mabakuli. Anaomba nafasi kwenye karakana moja, na wao wanataka picha 15 tu. Tukazimwaga sakafuni, tukachambua kama korosho: daraja la kwanza huku, la pili kule. Kila aliyoitoa aliigeuza kifudifudi, hataki imtazame. Zilipobaki 16 akagoma. Kikombe kimoja kilikuwa na ufa, nikamwambia hicho ndicho kitoke. Akasema alikifinyanga wiki aliyozikwa bibi yake. Nikakosa la kusema. Kikabaki, likatoka bakuli zuri kuliko hicho. Kama wale watu wanaujua udongo wataona.

Nilipoanza nilikuwa hovyo. Kuna kijana nilimwandikia sivii nzima mimi mwenyewe, kwa kumwonea huruma, nikaijaza maneno mazito mazito. Kwenye usaili akaulizwa maana ya neno moja tu, akabaki anatazama dari. Alirudi kunisimulia wala hakukasirika, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Siku hizi kalamu nawaachia wao.

Wanachopenda ni nikiwasimulia yule mchongaji na mchoraji, George Lilanga, kwamba ni wa Masasi kwetu, akaingia Nyumba ya Sanaa pale Dar kama mlinzi, na mwaka 1978 kazi zake zikaonyeshwa Washington. Huku kuna semina nzima za kufundishana namna ya kujuana na watu! Kwetu mtu anakwambia tu, ndugu yangu yupo pale, kamwone.

Sasa nije kwako mjomba, maana barua hii hasa ni yako. Kutwa nawauliza watu: jina lako liko wapi kwenye kazi hii? Usiku nalala nikikumbuka vile vinyago vya mpingo vilivyochukuliwa na yule mfanyabiashara wa Dar, gunia zima, hakuna hata kimoja chenye jina. Kile cha ujamaa, watu 18 wamepandiana, nilichokupigia msasa mpaka vidole vikawa vyeusi, leo kipo sebuleni kwa mtu, na ukimuuliza atakwambia ni "Makonde". Makonde yupi?

Naomba, kuanzia kinachofuata, kabla hujapaka kiwi, chonga jina lako na mwaka pale chini kwa ncha ya patasi. Herufi ndogo zinatosha. Halafu mdogo wangu akipige picha asubuhi, karibu na dirisha, nyuma atundike shuka jeupe. Asiwashe flashi, mpingo utang'aa na sura zipotee. Apige pande zote nne, na moja ya karibu pale ulipoacha ule weupe wa pembeni ya mti, maana wengi wanaukwangua na wewe huukwangui. Anitumie zote. Maelezo nitaandika mimi... hapana, nisirudie yale ya sivii. Utanisimulia kwenye simu, nami nitaandika ulivyosema.

Mama, ming'oko usitume tena, ya mwaka jana ilifika ina ukungu. Korosho za kukaanga sawa, hata kilo moja. Na mjomba akianza kusema jina litaharibu kinyago, mwambie aandike tu, tutagombana nikirudi.

Mwanao