Kobe wa Changuu wamekosa nini?

Mwanangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, ila bibi yako miguu inamsumbua kidogo. Ile picha niliyokutumia nimechutama mbele ya lile jitu la gamba, hukuuliza hata safari ilikuwaje. Ukauliza tu, "Mama, hao kobe wamekosa nini hata wakazungushiwa ua?" Na simu ikakatika. Basi jibu lako hili hapa.

Kisiwa cha Changuu unakijua, kinaonekana pale pale Forodhani, ufukweni mwa mji wa Unguja. Bahari ikitulia boti inachukua kama nusu saa. Tulifika maji yamekupwa, nahodha akatushusha mbali, na mjomba wako wa Mombasa akakunja suruali na kunung'unika mpaka mchangani. Ile jela ya zamani ya kisiwani ipo, aliijenga Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri wa kwanza wa Zanzibar, mwaka 1893, lakini haikupata kufunga mtu. Iligeuzwa karantini kwa hofu ya homa ya manjano. Hayo shuleni watakufundisha.

Kobe wale ni wageni. Mnyama wa kwetu hasa ni kima punju wa msitu wa Jozani, ambaye asili yake ni Unguja tu. Wa Changuu asili yao ni kisiwa cha Aldabra, huko Shelisheli, ambako mpaka leo wapo kama laki moja. Mwaka 1919 gavana wa Shelisheli alituletea wanne, zawadi. Wakazaana, na kufikia 1955 walikuwa kama 200.

Kisha watu wakawaona. Kobe hana mbio, hapigi kelele, akiwa mdogo anaingia kwenye kapu, na ng'ambo wapo wanaolipa pesa nyingi kumfuga. Waliibwa mchana na usiku. Mwaka 1988 walibaki kama 100, mwaka 1990 kama 50, na 1996 wakahesabiwa 7. Saba, Zuhura! Vikapelekwa vitoto 80 kuongeza kizazi, na 40 vikatoweka vilevile. Ndipo serikali, kwa msaada wa shirika la kimataifa la kutetea wanyama, ikajenga ule ua. Kobe hawakukosa kitu, mwanangu. Ua uliwekwa kwa ajili ya wezi, na wezi ni sisi binadamu.

Mjomba wako alishikilia kwamba bora warudishwe kwao. Mimi sikubali. Visiwa vya Mauritius, Réunion na Rodrigues, kote kulikuwa na kobe wao wakubwa, na wote walikwisha. Mabaharia waliwapakia melini wakiwa hai, maana kobe anakaa miezi bila kula wala kunywa, nyama haiozi. Aldabra ilinusurika kwa kuwa iko mbali na haina maji ya kunywa ya maana. Kundi la pili mahali pengine ni akiba, hata likiwa ndani ya ua.

Sasa wenyewe. Umri wao umeandikwa kwa rangi ya buluu mgongoni, na wamo waliopita miaka mia. Niliyepiga naye picha alikuwa amelala kama gunia la mkaa lililosahauliwa bandarini. Mtunzaji akaniambia nimkune shingoni, taratibu. Mara akanyanyuka, mguu mmoja mmoja, akanyoosha shingo juu mpaka ngozi ikakazana, akafumba macho. Nilipoacha kukuna alibaki hivyo hivyo, ananisubiri. Nikarudia, ningefanyaje? Meno hana, mchicha anaukata kwa kingo za mdomo, na unasikia shina linavyovunjika. Na kwao Aldabra, maji yakiwa kidogo mwambani, kobe huyavuta kwa pua. Hilo mjomba wako hakuliamini mpaka tunarudi.

Tausi nao wanazurura humo, wana makelele hao, sikuwapenda.

Likizo ikifika nitakupeleka, tutoke asubuhi kabla jua halijawa kali. Usimkalie mgongoni hata ukiona watu wazima wanafanya hivyo, maana nimewaona. Mwendee kutoka mbele akuone; ukimshtua atavuta kichwa ndani na utangoja sana. Mpe mchicha wa pale pale wanaogawa watunzaji, na uushike mwisho wa shina, kwa sababu kobe hatofautishi jani na kidole.

Msalimie shangazi yako, na umwambie pesa za sare nitatuma Ijumaa.

Mama yako