Kuhusu rangi ya kifaru chako

Mbeya

Kaka, salamu nyingi. Sisi huku wazima, ni baridi tu inatusumbua.

Picha ya ile modeli yako ya Panzer IV, kifaru cha Wajerumani cha Vita Kuu ya Pili, nimeipata. Maungio umeyapiga msasa ukapigika, hongera. Ila unaniuliza kijivu au njano kama vile ni suala la kupenda. Niambie kwanza, kifaru hicho ni cha lini? Kama ni cha vita vya Kursk kule Urusi ulivyosema, hiyo ni Julai 1943, na Februari mwaka huohuo Wajerumani walishaamua rangi ya msingi iwe njano iliyopoa, Dunkelgelb wanavyoiita. Juu yake askari wenyewe walipuliza mabaka ya kijani na kahawia. Rangi hizo walipelekewa makoponi zikiwa nzito kama uji, wakazizimua kwa maji au petroli, chochote kilichokuwa karibu. Kwa hiyo mabaka hayakulingana, mengine yamekolea, mengine yanaonyesha njano ya chini. Tafadhali usiyapime kwa rula!

Kijivu kiwekee kile kingine cha Moscow 1941. Na huyo jamaa anayebisha kwamba vifaru vya Wajerumani walioivamia Poland 1939 vilikuwa kijivu kitupu, mwache na picha zake. Theluthi moja ilikuwa kahawia iliyoiva, mpaka Julai 1940 walipoifuta. Kwenye picha nyeusi na nyeupe rangi hizo mbili zinamezana kabisa.

Kwenye maduka ya rangi za magari ulizia kadi ya RAL, ile orodha ya Kijerumani ya rangi zenye namba. Kijivu ni 7021, kijani 6003, kahawia 8017, na zote bado zimo. Njano yetu, 7028, iliondolewa, kwa hiyo hiyo utachanganyiwa kwa jicho. Mwambie fundi unataka isiyong'aa, maana wao wamezoea kung'arisha.

Halafu usiipake ilivyo kwenye kadi. Modeli ya 1:35, yaani ndogo mara 35 kuliko kifaru halisi, ukiitazama kwa sentimita 30, ni sawa na kusimama mita 10.5 kutoka kwenye kifaru chenyewe, na kwa umbali huo rangi haionekani imekolea hivyo. Ongeza nyeupe kidogo. Kwenye kijani na kahawia mimi naongeza ile njano yenyewe, inaoana zaidi. Ukiacha kijivu cha 7021 bila kukipunguza, kitaonekana cheusi na rivet zote zitapotea.

Jambo la mwisho ni tope, na hapa nakujua. Utachota vumbi jekundu la hapo Iringa uyapake magurudumu, kifaru cha Kursk kionekane kimetoka Kalenga. Udongo wa Kursk ni mweusi. Ijumaa nitakutumia kimfuko cha udongo wa Tukuyu kwa basi. Uchekeche kwa soksi ya nailoni, uuchanganye na gundi nyeupe na maji, upake minyororo tu na sehemu za chini.

Shemeji na watoto wasalimie. Kabla hujapuliza mabaka, nitumie picha ya njano uliyoipata, uipige nje juani.

Ni mimi, ndugu yako