Kuku akiangua msimchungulie chungulie jamani

Mhariri, salamu. Mi nafuga kuku wa kienyeji huku Buswelu, Mwanza, naomba kanafasi niongee na wafugaji wenzangu wenye haraka. Kuku akifika siku ya 21 ya kuatamia muache kwenye kiota chake, mi mwaka jana nilijifanya daktari nikabandua yai lililokuwa limetoboka katundu tu, damu ikatoka, kifaranga kikafia mkononi na mama yake ananiangalia. Kumbe toka kitoboe mpaka kitoke chenyewe inaweza kwisha karibu siku nzima, na kikitoka hakina haraka ya kula maana kiini cha yai kimeshaingia tumboni, siku mbili kinakaa freshi tu kikisubiri wenzake. We msogezee mama maji na mtama hapo hapo, amekonda huyo. Maji ya vifaranga weka kwenye kifuniko cha ndoo utie na vijiwe wasizame. Dagaa saga laini, ila wale wenye mchanga wa mwaloni, pale wanaposhushia samaki ziwani, hapana. Na chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaofyeka kuku, usingoje mpaka jirani aanze kufukia kuku wake.

Mfugaji, Buswelu