Niulizeni kwanza, ndipo mniuzie kifurushi

Mhariri,

Miezi miwili waifai ya kompyuta yangu mpakato ilikuwa ikikatika kila nikiandaa mitihani chumbani, huku simu ya binti yangu, meza hiyo hiyo, ikishika vizuri. Mhudumu wa kampuni ya intaneti alinishauri ninunue kifurushi kikubwa zaidi. Nikanunua, ikakatika vilevile.

Kumbe Windows, mfumo unaoendesha kompyuta, ilikuwa ikiizima kadi ya waifai ili kuokoa betri! Nikaondoa tiki inayoiruhusu kufanya hivyo kwenye mipangilio ya kadi hiyo. Nikahamia pia masafa ya mawimbi ya waifai ya gigahezi 2.4, maana yale ya 5 yana kasi lakini hufifia upesi kwenye kuta nene za mawe kama zetu. Leo siku ya tisa, haijakatika.

Wahudumu wafundishwe kuuliza kwanza: vifaa vingine vinashika? Fedha ile ilikuwa ya mboga.

Mwalimu wa sekondari,
Mji Mkongwe, Zanzibar