Ukuta ukitoa kitambi msikimbilie kuuvunja

Ndugu Mhariri, naomba nafasi niseme kuhusu hizi kuta za zamani za kuzuia udongo, zile za mawe au zege zilizoshikilia barabara na nyumba kwenye miteremko, maana ukuta ukishaanza kutoa kitambi watu wanafanya moja kati ya mawili, ama wanaziba nyufa kwa plasta ama wanaleta mashine wanauangusha wote. Plasta inaficha tu. Na kuangusha ndo balaa zaidi, udongo wote uliokuwa umeegemea pale unabaki hauna wa kuuzuia.

Kuna nanga za ardhini jamani. Wanatoboa ukuta huohuo kwa drili, tundu linainama kidogo, nyuzi kama 15 hivi, linavuka udongo unaotaka kuteleza mpaka kwenye udongo mgumu au mwamba, wanaingiza nondo au nyaya za chuma, wanasukuma rojo la saruji kule mwisho, likishakomaa wanavuta kwa jeki na kukaza kwenye pleti mbele ya ukuta. Wala sio mambo ya jana, mwaka 1934 injinia Mfaransa André Coyne alilikaza bwawa kuukuu la Cheurfas kule Algeria kwa nanga kama hizo, kila moja ya tani 1,000! Sasa ukuta wa mita nne utashindikana vipi?

Ila mafundi wengine wanachakachua. Nanga haijavutwa kwa majaribio hiyo ni nondo imezikwa tu, ya kudumu inavutwa mpaka kama asilimia 133 ya mzigo iliopangiwa kubeba, wanaishikilia dakika 10 hivi huku wanapima kama inasogea, na wanafanya hivyo kwa kila nanga sio moja ya kupigia picha. Ukuta wa mawe nao pleti inaweza kuuzamia, hapo wekeni boriti ya zege kwanza.

Na maji! Maji yakijaa nyuma ya ukuta kimo cha mita 3, kule chini yanasukuma kama tani 3 kwa kila mita ya mraba, kwahiyo matundu ya kutolea maji yazibuliwe au yatobolewe mapya, kazi ya nanga sio kupambana na bwawa mlilolitengeneza wenyewe.

Halafu nanga inaenda mbali, inaweza kuishia chini ya kiwanja cha jirani, mwombeni ruhusa mapema na iwe kwa maandishi, maana siku akichimba msingi wake akaikata mtamlaumu bure.

Msomaji wenu