Madaktari wa wilayani turuhusiwe kusomea ubingwa wa dharura kwa awamu

Mhariri, salaam.

Mimi ni daktari wa hospitali ya wilaya, moja ya zile ambazo barabara kuu ya Dar–Arusha inapita jirani kabisa, naomba nafasi niseme jambo ambalo limenikaa rohoni muda mrefu.

Usiku mmoja tuliletewa kijana wa bodaboda aliyegongana na fuso. Waliomleta ni wasamaria tu, wamemlaza chali nyuma ya pikapu, kichwa kimeegemea tairi la spea, kanga imefungwa pajani pale damu ilipokuwa inatoka, na ile kanga ilifungwa vizuri kweli, damu ilikuwa imesimama. Kwa nilivyomkagua, kilichomuondoa ni ulimi na damu ya mdomoni vilivyoziba koo, yaani karibu dakika arobaini njiani hakuna aliyejua kwamba ukimsukumia taya mbele hewa inapita. Mi nilikuwa na saksheni, oksijeni, mipira ya kuingiza kooni, vyote viko mezani, na yeye keshakata roho getini.

Tangu siku ile nataka kusomea ubingwa wa magonjwa ya dharura, na hasa ile tiba ya kabla mgonjwa hajafika hospitali. Masomo yapo hapahapa nchini, Muhimbili walifungua idara ya dharura 2010 na mwaka huohuo MUHAS, chuo kikuu cha afya cha palepale Muhimbili, wakaanza kufundisha ubingwa wake, miaka mitatu, wa kwanza wakamaliza 2013. Nimefanya kazi na baadhi ya mabingwa hao, wanaijua kazi. Tatizo ni kwamba inabidi uhamie Dar miaka yote mitatu, na mi nina watoto wawili, mdogo bado ananyonya, halafu hapa madaktari tuko wachache, nikiondoka zamu zangu zinawaangukia wenzangu ambao tayari wamechoka. Na aliyekaa miaka mitatu kwenye hospitali kubwa yenye vifaa, kurudi huku inamuwia vigumu, simlaumu.

Uingereza wamelitafutia njia hili. Tiba ya kabla ya hospitali ilitambuliwa kule kama ubingwa bobezi 2011, wanafunzi wa kwanza wakaanza 2012, na mafunzo yake ukisoma muda wote ni mwaka mmoja, lakini unaweza kuyafanya kwa miaka miwili, nusu ya muda uko hospitali kwenye kazi yako na nusu uko barabarani au kwenye helikopta. Na 2017 walianza majaribio kwa madaktari wanaosomea ubingwa wa dharura, ukitaka kusoma kwa saa pungufu kila wiki unaomba, hata kama huna mtoto wala huumwi, kwa sababu watu walikuwa wanachoka na kuiacha fani. Sisemi tununue helikopta jamani, nasema tuangalie ule mpangilio wa muda.

Kwetu kuigawa wiki, siku tatu darasani na siku mbili kazini, haiwezekani, huwezi kutoka Same huku Kilimanjaro kwenda Muhimbili kila wiki. Lakini miezi mitatu Dar, miezi miwili kituoni kwako, halafu unarudi tena Dar, hiyo inawezekana, ni asilimia 60 ya muda, kwa hiyo miaka mitatu inakuwa mitano. Mitihani ileile, idadi ya wagonjwa ileile, hakuna anayeomba kurahisishiwa. Na madaktari wawili wa mkoa mmoja wapokezane, huyu akiwa Dar yule anasaidia zamu kwenye hospitali zote mbili, ukiacha mwezi mmoja katika kila mitano ambao wote watakuwa Dar, ili wilaya isibaki mikono mitupu muda mrefu.

Ile miezi miwili ya kituoni ndiyo naiona ina faida kuliko yote, kwa sababu ndipo mwanafunzi anapanda ambulensi. Wengi hawajui ambulensi zetu zikoje, mara nyingi ni dereva na nesi mmoja, mi mwenyewe nimeshasindikiza mama aliyekuwa anatoka damu baada ya kujifungua, mkono mmoja nimeinua chupa ya dripu kwa sababu ndoano imekatika na mkono mwingine nimemkandamiza tumbo, kila tuta likipita naomba Mungu. Mtu anayesomea hii kazi akipita humo atajifunza vitu ambavyo wodini havipo, na hapohapo atawafundisha dereva, nesi, trafiki na vijana wa kijiwe cha bodaboda kushika taya, kulaza mtu ubavu, kufunga damu.

Namba ya 115 ya m-mama imeshatuonyesha kwamba usafiri wa dharura unaweza kupangwa hata vijijini, mama anapiga bure na dereva anatumwa, ni mfumo mzuri sana na umeokoa akina mama. Majeruhi wa barabarani huku kwetu bado hana kitu kama hicho, anamtegemea mwenye pikapu.

Ninachoomba kwa Wizara ya Afya, TAMISEMI na chuo ni wakae wakubaliane mambo mawili, mshahara wa mwanafunzi wa namna hii uendelee na ile miezi ya kituoni ihesabiwe kama mafunzo, akiwepo bingwa wa kumsimamia hata kwa simu na kuja kumkagua. Waanze na mkoa mmoja. Mwenzangu wa kupokezana naye nimeshampata, yuko wilaya ya jirani, na yeye ana mtoto mdogo, tumeshakaa tukapanga hadi nani aanze.

Daktari wa wilayani,
Kilimanjaro