Lisbon kwa wikiendi moja, watu wawili: mahali mpango unapoharibikia

Marafiki wawili, siku mbili, mji wa kale wa Ulaya, gharama nusu kwa nusu. Maombi ya namna hiyo mara nyingi tunayajibu kwa kupendekeza Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Nauli za ndege kutoka miji mingine ya Ulaya huwa nafuu ukikata tiketi mapema, vivutio vikubwa havijatawanyika sana, na kuna kitu kimoja pale ambacho mtu wa pwani yetu hatakiona kwingine kokote. Tatizo ni kwamba mji umejengwa juu ya vilima na makumbusho yake mengi yana siku ya kufungwa. Ukikosea mpangilio, siku moja kati ya mbili itaishia kwenye foleni na ngazi.

Tuanze na siku zenyewe. Fika Ijumaa jioni, ondoka Jumapili usiku. Wengi hupenda kuanza Jumamosi na kumalizia Jumatatu kwa sababu ndege ya Jumatatu ni rahisi zaidi, kisha wanakuta monasteri ya Jerónimos imefungwa, kwa kuwa Jumatatu ndiyo siku ya mapumziko ya makumbusho mengi ya taifa. Kama huna budi kuwa na Jumatatu, iwekee ngome ya São Jorge, ambayo hufunguliwa kila siku, au mji wa Sintra, unaofikiwa kwa treni ya dakika 40 hivi kutoka stesheni ya Rossio. Sintra ndani ya wikiendi ya siku mbili tu hatuishauri. Itakula siku nzima.

Viza. Anayeishi Uingereza kwa pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ureno ikiwemo) hata kama ana kibali cha kudumu cha Uingereza, na hapa ndipo wengi wanaponasa. Anayeishi Ujerumani, Uholanzi au nchi nyingine ya Schengen haombi viza, ila abebe pasipoti pamoja na kibali chake cha ukaazi. Ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000, na maombi yapelekwe kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Kila mmoja anaomba kivyake, kwa hiyo majina yote mawili yawepo kwenye hati ya hoteli. Ikiwa na jina la aliyelipa peke yake, mwenzake anaonekana hana pa kulala.

Kuhusu chumba, soma vizuri maelezo ya vitanda. Neno “casal” kwenye tovuti za Kireno ni kitanda kimoja kikubwa cha wanandoa. Marafiki watafute “duas camas”, yaani vitanda viwili. Uliza pia kama kuna lifti. Nyumba za zamani za mitaa ya vilimani ya Alfama na Bairro Alto nyingi hazina, na ghorofa ya 4 huhesabiwa juu ya ile ya chini, ambayo huandikwa R/C. Teksi haziingii kwenye vichochoro vya Alfama, hivyo sanduku mtaliburuta wenyewe juu ya mawe. Sisi huwa tunawalaza wateja Baixa, katikati ya mji, au karibu na stesheni ya Cais do Sodré: ni tambarare, na usafiri wote unaanzia hapo. Juu ya bei ya chumba kuna kodi ya utalii ya euro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku. Watu wawili kwa usiku mbili ni euro 16, na mara nyingi hudaiwa mezani mnapofika hata kama chumba kimeshalipiwa.

Kutoka uwanja wa ndege panda metro ya mstari mwekundu, badilisha Alameda, kisha mstari wa kijani hadi Rossio au Cais do Sodré. Kwenye mashine mtanunua kadi ya Navegante kwa senti 50 za euro, na kila mtu lazima awe na yake. Wawili hawapiti kwa kadi moja, na mnapokosea hilo geti humpitisha wa kwanza na kumwacha wa pili nje. Tiketi ya saa 24 ya metro na mabasi huanza kuhesabiwa unapoigusisha mara ya kwanza, siyo saa sita usiku. Inafanya kazi kwenye metro, mabasi na tramu, ila haigusi treni za CP, shirika la reli la Ureno. Kwa hiyo ukiwa nayo, kwenda Belém, mtaa iliko monasteri ya Jerónimos, panda tramu 15E, wala usishawishike na treni ya Cais do Sodré japo ni ya haraka zaidi. Kumnunulia tiketi dereva wa tramu ni ghali kuliko kutumia kadi.

Jumamosi asubuhi nendeni Belém moja kwa moja. Muwe mlangoni Jerónimos kabla ya saa 3:30 asubuhi. Tiketi za mtandaoni huandikwa kwa saa za kizungu: 10:00 ni saa 4 asubuhi, 15:00 ni saa 9 alasiri. Kuna watu hufika wakiwa wamechelewa saa kadhaa kwa kusoma namba hizo haraka haraka. Jengo lina milango miwili. Kanisa ni bure. Ua wa ndani wenye nguzo za mawe ya kuchongwa ni wa kulipia. Ndani ya kanisa, karibu na lango, kuna kaburi la Vasco da Gama, aliyefika Mombasa na Malindi mwaka 1498 na kufia Cochin, India, mwaka 1524. Mnara wa Belém uko mwendo wa robo saa kwa miguu. Ngazi zake za ndani ni nyembamba na huruhusu watu wachache kwa zamu, na ukarabati huufunga mara kwa mara, kwa hiyo kuutazama kutoka nje kunatosha. Kwenye duka maarufu la Pastéis de Belém, linalouza vitobosha vya mayai na maziwa tangu 1837, foleni ya barabarani ni ya wanaobeba. Wanaotaka kukaa hupita ndani, na vyumba ni vingi.

Baada ya hapo wengi hurudi mjini. Sisi tunasema pandeni basi 714 hadi Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes. Huko ndiko inakotunzwa Custódia de Belém, chombo cha ibada cha dhahabu kilichokamilika mwaka 1506 na kinachohesabiwa kuwa kazi ya sonara Gil Vicente. Dhahabu hiyo ni ya Kilwa. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga Kilwa na meli zenye mizinga, akamlazimisha mtawala wake, Amir Ibrahim, kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Mwaka 1503 mzigo ukafika Lisbon, na Mfalme Manuel akaagiza utengenezewe chombo hicho. Maandishi kwenye kitako chake yanasema wazi kuwa kimefanywa kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Kodi haikuiokoa Kilwa: mwaka 1505 Wareno walirudi chini ya Francisco de Almeida wakauteka mji na kuupora. Mtu aliyewahi kutembea kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani atakielewa chombo hiki kuliko mtalii mwingine yeyote ukumbini. Kabla ya kwenda, angalia tovuti ya makumbusho uhakikishe ukumbi wake uko wazi, maana majengo ya taifa yamekuwa na ukarabati mwingi.

Jioni pitieni magofu ya kanisa la Carmo, lililobaki bila paa tangu tetemeko la Novemba 1, 1755. Fanyeni hivyo Jumamosi, Jumapili hufungwa. Kutoka hapo mnatokea juu ya lifti ya chuma ya Santa Justa bila kupanga foleni chini. Vigari vya kamba vya mlimani msivijengee ratiba: kile cha Glória kilipata ajali Septemba 3, 2025 iliyoua watu 16.

Jumapili kanuni ni moja: panda kwa gari, shuka kwa miguu. Basi 737 kutoka Praça da Figueira linawafikisha karibu kabisa na ngome ya São Jorge, ambayo Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, aliitwaa kutoka kwa Waislamu mwaka 1147. Kutoka hapo ni mteremko: Portas do Sol, Alfama, kanisa kuu la Sé, hadi Baixa, iliyojengwa upya baada ya tetemeko kwa mitaa iliyonyooka na fremu za mbao ndani ya kuta ili nyumba ziyumbe bila kuanguka. Mawe meupe ya njiani yamesuguliwa na miguu ya watu na mvua ikinyesha yanateleza vibaya. Raba zenye soli ya mpira. Viatu vya ngozi viacheni hotelini.

Tramu 28E ipandieni upande wa Campo de Ourique kabla ya saa 2 asubuhi. Kituo cha Martim Moniz hujaa, na ndani ya msongamano huo ndimo vibaka wanamovuna. Simu iwe mfuko wa mbele, begi kifuani. Watu wa Baixa wanaonong'ona wakiuza bangi wapuuzeni tu. Mara nyingi ni majani makavu ya jikoni.

Mezani, mkate, zeituni na jibini vinavyoletwa kabla hamjaagiza si zawadi. Msipovitaka, semeni virudishwe kabla ya kuvigusa, la sivyo vitakuja kwenye bili. Kwa Waislamu: supu ya caldo verde huwekwa soseji ya nguruwe, na unga wa vitobosha mahali pengine hukandwa kwa mafuta ya nguruwe, yanayoitwa “banha”. Ulizeni. Migahawa ya halali ni mingi kuzunguka Martim Moniz, hasa mtaa wa Benformoso.

Wakati wa kuondoka, angalieni tiketi imeandikwa Terminal 1 au 2. Mashirika kadhaa ya bei nafuu huondokea 2, ambako metro haifiki. Mnashuka Terminal 1 na kupanda basi la bure, kwa hiyo ongezeni nusu saa.

Mkitaka tuwapangie, tutumieni tarehe, nchi mnakoishi kila mmoja, aina ya pasipoti na kibali, na kama mnataka vitanda viwili. Anayehitaji viza atuandikie angalau miezi 2 kabla, kwa sababu miadi ya kupeleka maombi ndiyo inayochelewesha kuliko viza yenyewe.